Kona ya Kumi na Saba

Juni 3

Daktari kasema nikikasirika nisipige kelele, niandike. Presha imepanda hivi kwamba muuguzi alikifunga kile kifaa kwenye mkono wake mwenyewe kwanza, akidhani kimeharibika. Binti yangu Yanina akaninunulia daftari siku ileile, lina ua jekundu kwenye jalada, akanipa kama mtu anayempa mtoto peremende asilie. "Andika, mama. Usije ukatufia juu ya mashine."

Haya, naandika. Mimi ni Delmira Antiñir, nina miaka hamsini na mbili, nakunja mabomba ya gesi kwa moto kwenye karakana moja hapa Plottier. Na leo nimekasirika kwa sababu mlango mkubwa wa karakana uliganda barafu, nikaupiga nyundo peke yangu huku wanaume wazima wamesimama mikono mfukoni wananitazama kama sinema.

Juni 5

Baridi. Ulises, yule mfanyakazi mpya, kaimba zamu nzima.

Juni 6

Kaimba tena. Wimbo uleule.

Juni 11

Tumeanza kazi ya bomba kubwa litakalopita bondeni. Mhandisi Pagliaro alitukusanya, akapanda juu ya kreti kama mgombea wa uchaguzi. "Chuma hiki si kile mlichozoea," akasema. "Hiki hakitaki maji. Hata tone."

Kwa hilo yuko sawa, ingawa mkono unaniuma kuliandika. Miaka yote kazi yetu ni ileile. Bomba linasukumwa polepole kupita ndani ya pete ya shaba, umeme wa pete unalipasha mpaka linakuwa na mshipi mwekundu, mwembamba, wa vidole vitatu tu, na mkono wa mashine unalivuta pembeni nalo linakubali kukunjika. Nyuma ya pete tulikuwa tunalimwagia maji lipoe haraka. Lakini chuma hiki cha sasa ni kinene na kinatakiwa kipozwe na hewa basi. Kikiguswa na maji kingali chekundu, pale palipoguswa panakuwa pagumu kupita kiasi, na chuma kigumu kupita kiasi hakivumilii. Gesi ikisukuma ndani yake siku moja kinapasuka.

Don Evaristo akaguna. Yeye ndiye fundi wa pete, mwisho wa Julai anastaafu, na ndiye baba wa ubatizo wa Yanina. Tangu nimjue, birika lake la buluu linapanda bomba. Analiweka nyuma ya maji, pale chuma kinapotoka vuguvugu, na birika linasafiri nacho taratibu mpaka kwenye alama ya chaki. Likifika hapo maji yana moto kamili wa yerba, yale majani tunayokunywa kwa kibuyu na mrija, bila kuchemka, maana yerba ya maji yaliyochemka mpe adui yako. "Sasa birika langu litapanda nini?" akauliza. Tukacheka wote, hata Pagliaro. "Nunua jiko la umeme, mzee!"

Baadaye tukakaa kunywa. Don Evaristo anajaza kibuyu, kinazunguka, kinarudi kwake. Ulises akafyonza mrija mara moja, akarudisha kibuyu, akasema, "Asante." Mara ya kwanza tu! Hata mtoto anajua kwamba ukisema asante umemaliza, usijaziwe tena. Akaondoka zake anaimba. Ana kiburi, katoka Zapala juzi tu anajiona yeye ndiye karakana. Mimi na Don Evaristo tangu mume wangu afariki hatujawahi kuambiana asante, tunakunywa mpaka birika likauke.

Juni 14

Upepo umeng'oa bati. Limeangukia gari la Pagliaro. Leo presha iko sawa.

Juni 19

Nimekwenda kwa Yanina. Wachimbaji wa mfereji wa bomba wamefika. Vigingi vyenye utepe wa rangi ya chungwa vimepita nyuma ya kamba yake ya nguo kama vile wamekuta shamba la baba yao. Mjukuu wangu Ciro kang'oa viwili kavifanya mapanga. Nimempa cha tatu.

Juni 27

Nimeketi kuandika kwa sababu nikisimama nitakwenda kumpiga mtu.

Jana tulikunja kona ya kumi na saba. Ndiyo kona kali kuliko zote kwenye kazi hii, ya kugeuza bomba pembe mraba kabisa, na iko moja tu. Inakula mchana mzima. Mimi nilikuwa kwenye usukani wa mashine, Don Evaristo kwenye pete, na Ulises anabeba ndoo za maji ya moto kwenda kuyeyusha barafu ya mlango. Yanina akapiga simu analia, mashine ya kuchimba imebomoa banda lake la kuku. Nikamwachia Don Evaristo usukani, nikatoka nje nikazungumza na mkubwa wa wachimbaji kwa lugha ambayo sitaiandika hapa. Niliporudi kila kitu kilikuwa shwari, kona inaendelea, Don Evaristo ananiambia, "Tulia, Mama Yanina, kuku hupatikana."

Leo asubuhi kona imepoa. Nikaizunguka kuitazama, na juu mgongoni mwake nikaona doa. Jeupe, ukubwa wa kiganja, kama chumvi, na limetiririka kidogo upande mmoja. Nikalipitisha kidole. Ni chokaa ya maji, ile inayobaki yakikauka.

"Nani kamwaga maji hapa?"

Wote macho chini.

"Nauliza nani kamwaga maji kwenye chuma chekundu! Ulises! Ndoo yako!"

"Ndoo yangu ilikuwa mlangoni, dada Delmi."

"Na ilifikaje mlangoni, iliruka? Si ulipita nayo hapahapa! Unaimba kama redio mbovu, huoni unapokanyaga, mtu mzima hovyo! Hujui hili bomba litazikwa karibu na nyumba za watu?"

"Najua."

"Basi sema ni wewe!"

Akamtazama Don Evaristo, kisha akatazama viatu vyake. "Kama itakusaidia upate usingizi," akasema, "andika ni mimi." Akachukua ndoo akaenda zake. Hata haya hana! Mbele ya watu wote, ananijibu kama ananitania.

Don Evaristo akanishika bega. "Punguza, mama. Presha hiyo."

Sipunguzi.

Julai 1

Nimempelekea Pagliaro habari ya doa. Alisikiliza huku anakata kucha. Kisha akatoka na brashi ya waya, akalisugua doa mwenyewe mpaka likatoweka, na kabla ya chakula cha mchana kona nzima ilikuwa imepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu.

"Haya," akasema. "Doa liko wapi?"

"Lipo chini ya rangi yako, Mhandisi."

"Mkaguzi anapima sehemu tatu, na siku zote ni zilezile. Hapo hapimi. Delmira, nisikilize. Kona hii ikikataliwa, kazi yote inahamishiwa karakana nyingine, na nyie wote mnarudi kukaa na wake zenu kabla baridi haijaisha."

"Mimi sina mke."

"Unanielewa."

"Mkaguzi anakuja lini?"

"Tarehe ishirini na tano. Siku ya kumuaga Don Evaristo. Nimemwalika ale nyama na sisi." Akatabasamu. "Kwa hiyo usiniharibie sherehe."

Nimemwelewa vizuri sana. Atashibishwa, atacheka, atasaini. Basi na aje. Nitamwambia mimi mwenyewe, nyama ikiwa mdomoni mwake.

Julai 4

Ulises kanisalimia. Sikuitikia.

Julai 5

Kasalimia tena. Huyu mtu kaumbwa na nini?

Julai 9

Sikukuu ya uhuru. Yanina kapika locro, mchuzi mzito wa mahindi na nyama, sufuria la kulisha kikosi. Mkubwa wa wachimbaji kapita kuomba msamaha kwa banda la kuku, nikamkaribisha bakuli kwa sababu mama yangu alinilea. Akala, akajifuta mdomo, akanyoosha kijiko dirishani. "Hapo kwenye pembe ya mfereji ndipo bomba letu linapogeuka," akasema. "Kona kali moja tu njia nzima, na nyie mmeiweka kwa binti yako. Bahati gani hiyo!"

Nikauliza kona ipi, kana kwamba sijui.

Ni pale kwenye pembe, nyuma ya kamba ya nguo. Ciro anacheza hapo kila siku, wamemwachia kilima cha mchanga. Chumba anacholala dirisha lake linatazama hapohapo. Nilitoka nje nikasimama kwenye upepo mpaka masikio yakaniuma. Yanina akatoka na shali. "Mama, nini?" Nikamwambia kabichi imenikaa vibaya. Locro haina kabichi. Hakuuliza tena.

Nimemchukia Ulises leo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Julai 15

Mungu wangu.

Don Evaristo kaja na birika jipya. La chuma cheupe, linang'aa, bado lina kibandiko. Nikamwambia, "Haya mzee, umeanza kujitayarisha na ustaafu?" Akasema lile la zamani lilitoboka. Sikufikiria kitu. Nikanywa yerba yake, nikasifu birika lake.

Mchana nilikwenda kwenye lundo la vyuma chakavu kutafuta kipande cha bomba. Vijana wanataka kumtengenezea mzee jiko la kuchomea nyama, ndiyo zawadi ya kila anayestaafu kwetu. Chini ya mabati nikaona buluu. Nikalivuta. Ni birika lake, hakuna lingine kama hilo duniani, lina ule mpini aliofunga kwa waya. Halijatoboka popote. Kitako kimeungua mpaka rangi imebanduka, na ndani, kuta zake zote, zimeganda ile chokaa nyeupe ya maji yetu.

Nilikaa juu ya lundo nalo mapajani. Nadhani nilikaa muda mrefu. Kijana mmoja alikuja kuniuliza kama nimeteguka mguu.

Ni yeye. Nilimwachia usukani, akapandisha birika kwa mazoea. Na mimi nimemtukana mtu mwingine mbele ya watu, naye kasimama pembeni akanishika bega akaniambia punguza!

Julai 16

Nimemfuata kwenye kabati lake wakati watu wamekwenda kula. Sikusema neno. Nikaweka birika la buluu juu ya benchi.

Alilitazama kama mtu aliyekutana na marehemu.

"Nililiweka mbali na pete, Mama Yanina. Mbali kama siku zote. Lakini chuma hiki kina moto wa ajabu, zamani maji yalikuwa yanakituliza. Lilichemka kabla sijageuka. Likaruka, likaanguka ubavu, maji yakakimbilia kwenye wekundu."

"Na ulinyamaza."

"Nilidhani yamekauka hewani."

"Doa uliliona!"

"Nililiona."

"Nikamtukana Ulises na wewe umesimama hapo! Don Evaristo, unajua kona ile inazikwa wapi?"

Akasema hajui. Nikamwambia. Nikamwambia kuhusu mchanga, kamba ya nguo, na dirisha la Ciro. Yanina huyu alimshika yeye mwenyewe mikononi kanisani, akaapa mbele ya padri kwamba nisipokuwepo mimi, yupo yeye. Akakaa. Uso ulimwisha damu, na kwa kitambo kidogo nilimhurumia, Mungu anisamehe.

"Wamebakisha siku chache tu za kwangu," akasema. "Miaka thelathini na moja hapa ndani. Nitoke kama mpumbavu aliyeharibu kona kwa ajili ya birika? Watanicheka mpaka Cutral Có."

"Wakucheke!"

"Labda haitapasuka. Nyingine hazipasuki."

Hapo huruma ikanitoka yote. Nikamwambia, "Tarehe ishirini na tano mkaguzi atakuwa mezani. Kabla watu hawajampigia mchomaji nyama makofi, kama ilivyo desturi yetu, uwe umesema kwa kinywa chako. Makofi yakilia hujasema, nasimama mimi."

"Utanifanyia hivyo, Mama Yanina?"

"Nitakufanyia hivyo."

Nimerudi kwenye mashine. Kona ya ishirini imetoka safi. Bomba halijui nani analia.

Julai 18

Hajasema.

Julai 21

Theluji kidogo asubuhi, imeyeyuka. Hajasema. Ananijazia kibuyu kama kawaida, nami nanywa. Sijui kwa nini nanywa.

Julai 22

Leo nilimwitikia Ulises salamu. Akashtuka, akaangusha bisibisi.

Nilitaka kuendelea kusema na sikuweza. Nikimwambia, atauliza ni nani basi, na ahadi yangu kwa mzee bado haijafika siku yake. Nimejifunga kamba mwenyewe. Nimemkuta anaunga miguu ya lile jiko la zawadi, peke yake, baada ya saa za kazi, na kazi yake ni safi, lazima niseme.

Julai 24

Hajasema. Presha sikupima, najua.

Julai 25

Nianzie wapi.

Meza ziliwekwa katikati ya karakana, mbao juu ya mabomba, na jiko jipya la mzee likawashwa hapohapo kwa mara ya kwanza. Mchomaji alikuwa Ulises, maana ndiye aliyeliunda na kwetu aliyeunda jiko ndiye anayelizindua. Mbavu zilikuwa juu ya makaa tangu asubuhi. Mkaguzi, Mhandisi Loyola, mama kijana kutoka Córdoba mwenye sauti ya kucheka, alikaa kati ya Pagliaro na Don Evaristo. Pagliaro anamjazia mvinyo, yeye anausogeza pembeni na kunywa soda. Hapo nikapata matumaini kidogo.

Nilikaa mkabala na Don Evaristo makusudi. Kila soseji ilipopita nilimtazama, kila alipochukua mkate nilimtazama. Alivaa shati alilovaa kwenye harusi ya Yanina.

Pagliaro akasimama akahutubia. Mzee wetu, mwalimu wetu, mikono ambayo haijawahi kuharibu kona hata moja. Alisema hivyo! Akanitazama mimi akisema hivyo, mshenzi yule. Watu wakapiga meza. Don Evaristo akasimama, akatoa karatasi mfukoni, akairudisha, akalia. "Nyie ni familia yangu," akasema. Nikangoja. Nilishika ukingo wa meza nikangoja kama mtu anayengoja jino ling'olewe. Akasema, "Kuleni, nyama inapoa." Akakaa.

Mtu akapiga kelele, "Makofi kwa mchomaji!"

Wote wakapiga makofi. Nikamtazama Don Evaristo, na yeye alikuwa anapiga makofi. Anapiga makofi, ananitazama machoni, na macho yake yananiambia usifanye.

Nikasukuma benchi nyuma nikasimama. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Ngojeni, bado sijamaliza," akasema Ulises. Alikuwa amesimama kando ya jiko na uma mrefu wa nyama mkononi, uso mwekundu kwa makaa, na watu wote walikuwa wameshamgeukia yeye kwa sababu ya makofi. "Mhandisi Loyola, samahani, kona ya kumi na saba usiipokee. Ililoweshwa maji ikiwa nyekundu. Ni mimi. Nilijikwaa na ndoo. Dada Delmi aliniumbua mbele ya hawa wote na nikakataa. Alikuwa anasema kweli."

Nikasema, "Si yeye." Nilisema, naapa nilisema. Lakini karakana nzima ilikuwa imeanza kusema kwa pamoja, na Pagliaro alikuwa anapiga kelele kuliko wote. "Kalewa! Huyu kalewa, Mhandisi, msamehe!"

"Nimelewa," akasema Ulises, "ila mahali napajua." Akatembea mpaka kwenye kona, watu nyuma yake, akachora kwa ncha ya uma kwenye ile rangi nyekundu. Akachora duara la kiganja na mstari unaotiririka upande mmoja. Palepale. Mtu aliyemwaga ndoo asingejua umbo lile. Lile ni umbo la birika lililoanguka ubavu, na ili ulijue unapaswa uwe umeliona likianguka.

Loyola aliacha nyama yake sahanini. Akaenda garini kuchukua kifaa chake.

Nikageuka. Don Evaristo alikuwa amebaki peke yake mezani. Alikuwa anakatakata ubavu vipande vidogo vidogo, kama vya mtoto, na hakuna alichokula.

Julai 28

Pale kwenye duara kifaa kilionyesha ugumu ambao Loyola alirudia kuupima mara tatu. Wakaondoa rangi, wakapaka ile dawa yao ya kuonyesha nyufa. Ufa ulikuwepo tayari, mwembamba kama unywele, na gesi bado haijapita. Kona imekatwa vipande viwili kwa gesi ya kukatia, amri ya mkaguzi, mbele yetu. Kazi haikuhamishwa popote. Tutakunja nyingine. Yale yote ya kurudi kwa wake zetu yalikuwa uongo wa kututisha.

Ulises kafukuzwa asubuhi.

Nilikwenda kwa Pagliaro, sikubisha hodi. "Si Ulises."

"Najua si Ulises," akasema.

"Unajua?"

"Nililisugua lile doa kwa mkono wangu, Delmira. Unadhani sijui maji ya ndoo na maji ya birika? Lakini mtu kasema ni yeye, mkaguzi karidhika, karatasi zimekwenda. Unataka nimwite tena nimwambie karakana nzima ni waongo? Mzee kastaafu. Mwache apumzike."

Nilimtolea uvivu. Nilimwambia mambo ambayo nimeyaweka moyoni tangu aje hapa, na mengine niliyabuni palepale. Akaniambia nikapime presha.

Agosti 2

Nimemtafuta Ulises anapoishi, chumba cha nyuma kwa fundi matairi. Alikuwa anafunga mizigo, kapata kibarua Añelo.

"Kwa nini?" nikamuuliza, hata sikumsalimia.

"Karibu, dada. Kaa, kiti kibovu lakini kinabeba."

"Nimekuuliza kwa nini!"

"Ulikuwa umeshasimama. Ningechelewa kidogo tu, ungemmaliza mzee mbele ya nyama yake mwenyewe."

"Alistahili."

"Labda." Akakunja shati. "Mimi nililiona birika likianguka. Nikasema moyoni, atasema mwenyewe, si wa kusemewa na mgeni kutoka Zapala. Nikangoja mwezi mzima. Hakusema. Na kona ilikuwa lazima itolewe, sivyo?"

"Nilikutukana."

"Ulinitukana vizuri sana! Lile la redio mbovu nimelitia kwenye wimbo."

Akaimba, kweli kalitia. Nikacheka, na katikati ya kicheko nikaanza kulia, kisha nikamkasirikia kwa kuniliza. Nikamwambia anisamehe. Neno lilinitoka kwa shida kama msumari wenye kutu, lakini lilitoka. Akasema yamekwisha. Nikamuuliza kama Don Evaristo kapita kumwona.

"Bado," akasema, akafunga begi. "Pengine ana kazi."

Agosti 7

Kona mpya imetoka. Nilikaa kwenye usukani mwanzo mpaka mwisho, sikwenda hata chooni. Hakuna birika lililokaribia.

Agosti 15

Wameizika pale kwenye pembe. Yanina kapiga simu kusema wamesawazisha udongo na Ciro analia kwa ajili ya mchanga wake.

Agosti 24

Jumapili. Don Evaristo kaja nyumbani. Kaja kwa miguu, birika jipya mkono mmoja, kibuyu na yerba mkono mwingine, kama alivyokuwa akija wakati wa msiba wa mume wangu. Sikumfukuza. Tukakaa uwanjani upande wa jua, mahali upepo haufiki.

Akajaza. Cha kwanza akanywa yeye, kama inavyotakiwa. Akazungumza. Kapogoa mipeasi yake yote, machipukizi yanaanza kuvimba, anaogopa baridi ya Septemba isiyaunguze. Mgongo unamsumbua. Kimya cha nyumbani kinamsumbua. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nangoja aseme. Wala sikutaka mengi, nilitaka jina moja tu, alitaje kwa kinywa chake, basi. Ningemsamehe palepale, ninajijua, ningemsamehe na kulia juu.

"Lile jiko linachoma vizuri," akasema. "Halipotezi moto. Aliyeliunga kaliunga kwa ufundi."

"Nani aliliunga?" nikamuuliza.

Akatazama mipeasi ya jirani. "Vijana," akasema.

Akajaza kibuyu, akanipa. Yerba ilikuwa nzuri, anajua kazi yake, maji hayakuchemka. Nilikunywa polepole mpaka mrija ukakoroma. Nikamrudishia mkononi.

"Asante," nikamwambia.

Aliushika ule mrija akabaki hivyo. Birika lilikuwa miguuni pake, bado limejaa.